Mtani Aliyemwosha Mtoto wa Asia

Ukitaka kuwaona wajinga wamekusanyika pamoja, nenda msibani. Ndivyo alivyowaza Mwajuma asubuhi ile, akitoka chumbani na chungu cha maji aliyomwoshea mtoto wa Asia. Jana mtoto alikuwa anachezea vidole vyake na kucheka peke yake. Leo mama yake kaamka kamkuta wa baridi. Mwilini hakuwa na alama, hata mkwaruzo. Lakini pale uani kila mtu alishajua sababu, na hakuna hata mmoja aliyeiona maiti.

Mwajuma alikuwa mtani. Ukoo wake na ukoo wa Asia zilitaniana tangu enzi za mababu, kwa hiyo kazi ya kuosha na kuchimba kaburi ilikuwa ya watu wake, na ruhusa ya kumsema yeyote msibani ilikuwa yake pia. Anayemkasirikia mtani anajitia aibu mwenyewe.

Mwanaasha, wifi yake Asia, alikuwa amejitandaza mkekani akilia kwa sauti ya kuazima. "Kambemenda!" alisema. "Kaka yangu yuko Mikese kwenye kazi ya reli, huku mwenzake analala na wanaume na mtoto hajaacha ziwa. Mtoto angeponaje?"

Jumbe Kibwana, mtu aliyewekwa na Wajerumani na ambaye tangu siku hiyo hajaacha kujishikashika tarabushi, naye alikuwa na lake. Alimsikia daktari mmoja wa Kijerumani akisema kwamba mtoto akifa usingizini, ujue mama kamlalia. Basi wakishazika, Asia atashuka naye Morogoro akajibu bomani. Alichokitaka ni kusifiwa na mzungu, hana lingine, na Mwajuma alimdharau mpaka mate yakamjaa kinywani.

Akatua chungu. "Jumbe, na unene wote huo, mbona mkeo yuko hai? Au unalala umesimama?"

Watu wakaangua kicheko. Mwanaasha alicheka kuliko wote, na hapo ndipo alipojiponza.

"Na wewe, fundi wa kubemenda! Watoto wako sita wamefuatana kama vidole, kila mmoja kanyang'anywa ziwa na mdogo wake. Ulikuwa unawaokota kisimani?"

Watu wakashika mbavu. Mwanaasha akajifunika kanga uso mzima, na kilio chake hakikusikika tena.

"Haya, mtani," Jumbe akasema, akijichekesha asionekane amekasirika, "kama hakulaliwa wala hakubemendwa, nani kamuua?"

Mwajuma alikuwa na dhihaka nyingine tayari, lakini neno lililomtoka halikuwa dhihaka.

"Hakuna," alisema. "Wangu wa kwanza, kabla sijaolewa huku, nilimbeba mgongoni mchana kweupe, natoka kuteka maji kule Kisaki. Njia nzima nilikuwa namwimbia. Nafika nyumbani, namfungua, amekufa. Hakuwa na homa, hakukohoa. Nani alimlalia, Jumbe? Mgongo wangu? Watoto wengine hufa tu, na hakuna ajuaye."

Jumbe akajipiga paja. "Mgongo umemlalia!" alipiga kelele, na ua mzima ukalipuka. Wazee wakakohoa kwa kucheka, mmoja akaomba ashikwe asianguke. Mtani leo kazidi! Anazua mpaka mtoto! Jumbe akajifuta machozi, akasema shauri la boma amelisamehe, maana akilifikisha kule hata maaskari watamcheka.

Mwajuma alibaki amesimama. Habari ya mtoto wake hakuwahi kumwambia mtu, hata mumewe, na sasa aliona amewatupia mbwa. Aliwachukia wote, mmoja mmoja, kwa majina yao. Akageuka akaingia ndani.

Asia alikuwa ameegemea ukuta, kanga imelowa maziwa kifuani.

"Hupelekwi bomani," Mwajuma akamwambia, akipiga magoti mbele yake. "Na nisikilize vizuri. Hukumuua. Hakuna ulichofanya, hakuna ulichoacha kufanya. Wangu alikufa hivyohivyo."

Asia akamwinulia macho, akajilazimisha kutabasamu.

"Ahsante, mtani," akasema. "Huko nje nimesikia umewachekesha sana na huyo mtoto wa mgongoni."