Maili za Marehemu

Fundi cherehani alitaka kupanda ndege akamwone mjukuu wake mchanga, mji wa pili tu, humu humu nchini. Kampuni za ndege zilikuwa mbili. Ya kwanza, maili, yaani pointi anazozawadiwa abiria kila akisafiri, zisipotumika hupotea. Ya pili huunganisha maili za mume na mke. Akachagua ya pili, maana marehemu mumewe, fundi wa lifti, alikuwa kiguu na njia kwa ndege za kampuni hiyo. Kila akiondoka alimwambia, "Safari ijayo twende wote, mke wangu." Hawakwenda hata siku moja.

"Maili mnazo tele, mama," karani akasema kwenye kaunta. "Mzee anaziongeza kila wiki."

"Una wazimu, mwanangu? Mzee nilimzika mwaka jana!"

Karani akaitumbulia macho kompyuta. "Lakini mama, maili haziingii mpaka abiria akae kitini na ndege iruke."

Fundi cherehani akapiga kaunta kofi. "Hebu koma! Nikatie tiketi yangu, ya kwenda na kurudi."

Karani akaisoma tena kompyuta. "Keshakukatia yeye, leo asubuhi. Yeye dirishani, wewe ubavuni pake." Akamgeuzia kompyuta aone. "Ya kwenda tu."