Gogo la Namba Tisa

Timu ya chuo mwaka ule wa 1999 ilikuwa mzoga, na hakuna aliyelisema hilo kwa sauti kubwa kuliko mimi, Marhoon, ambaye mwanangu ndiye aliyekuwa mshambuliaji wake. Mechi saba zilikuwa zimeshachezwa, saba zilibaki. Tulikuwa na pointi kumi na moja, nafasi ya nne kati ya vyuo vinane, na nne za juu ndizo zinazoingia mtoano. Timu ya tano ilikuwa nyuma yetu kwa pointi moja tu. Alhamisi iliyokuwa inakuja tungekutana nayo kwenye uwanja wetu, na mtu yeyote mwenye akili alijua kwamba tukifungwa hapo, mtoano tutausikia kwa majirani.

Wenye akili hawakuwa wengi. Tulikuwa watu sita, saba hivi, tunaokutana kila Ijumaa baada ya Alasiri kwenye baraza ya saruji mbele ya nyumba ya Saeed, pale Sidab, mtaa wa Muscat, tukinywa kahawa na kuichambua timu. Saeed alikuwa karani mwenzangu wizarani, mtu ambaye hajawahi kuupiga mpira hata kwa bahati mbaya, lakini ana maoni juu ya goti la kila mchezaji. Wengine siwataji. Walikuja kwa ajili ya halwa.

Uchambuzi wetu ulikuwa na kanuni moja: hasifiwi mtu. Tulizaliwa Unguja, tukaja Muscat tukiwa vijana, na mengi tuliyaacha kule, lakini hofu ya jicho tulikuja nayo nzima nzima. Ukimsifu kijana Ijumaa, Alhamisi anavunjika. Mdogo wangu Yazid alisifiwa na mtaa mzima kwa mbio zake alipokuwa na miaka kumi na sita, na wiki hiyo hiyo akateguka goti ambalo mpaka leo akilikunja linalia. Marehemu mama alikuwa akisema jicho la mzazi ndilo baya kupita yote, kwa sababu linatazama kwa mapenzi. Kwa hiyo mchezaji mzuri tulimtukana, na mzuri sana tulimtukana sana. Asiyefaa kabisa tulisema ana adabu, tukapita. Sifa tuliwawekea maiti. Mtu akishazikwa ndipo tulipompamba, mpaka wanawe wakashangaa anazungumzwa nani.

Mwanangu Ayman, namba tisa, alikuwa gogo. Nilimwita hivyo tangu ana miaka minane. Sijapata kuona kijana anayeupokea mpira kwa kifua na kuuteremsha mguuni kama yeye, taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto mchanga. Kila alipofanya hivyo moyo ulinijaa furaha, na hapo hapo nilipiga kelele kutoka jukwaani: "Gogo hilo! Litoeni!" Watu wa baraza walicheka. Walielewa. Nilidhani na yeye anaelewa.

Ijumaa hiyo akaja kocha. Jina lake Elikana, mwalimu wa michezo kutoka Mwanza, aliyeajiriwa na chuo mwezi mmoja nyuma baada ya kocha wa zamani kurudi kwao. Alishuka kwenye teksi na suti ya michezo, filimbi shingoni, kana kwamba mbuzi wa Sidab walikuwa wanahitaji refa. Alituamkia vizuri, hilo simnyimi. Kisha akatoa daftari. Mtu mwenye daftari mimi humdharau kabla hajafungua mdomo.

"Wazee wangu, nimeambiwa nyinyi ndio mnaoijua hii timu toka mwanzo," alisema. "Mimi nimeiona mechi tatu tu. Naomba mnisaidie. Tukitaka kuingia nne bora, nguvu yetu iko wapi, na tatizo liko wapi?"

Tulitazamana. Anauliza nguvu, hadharani, watu wanapita njiani na macho yao!

"Nguvu hamna," alisema Saeed akimmiminia kahawa. "Kipa wenu yule hadaki hata mafua."

"Kipa," alirudia Elikana, akaandika.

"Na mabeki wa kati vipofu," nilisema mimi. "Mpira ukija, kila mmoja anamwachia mwenzake." Mabeki hao walikuwa wameruhusu mabao manne tu katika mechi saba.

"Winga wa kulia?"

Saeed alikuna kidevu. "Huyo ana adabu."

"Mtoto wa watu wazuri," niliongeza. Winga huyo hakuijua kulia yenyewe ni wapi. Elikana akaandika kwa furaha, na nikaona anapiga mstari chini ya jina.

"Na namba tisa?"

Baraza nzima ikanigeukia. Hapo ndipo nilipotakiwa kuonyesha ufundi.

"Namba tisa mwanangu wa kumzaa, kwa hivyo mimi nnamjua kuliko wewe," nilimwambia. "Gogo lile. Miguu mizito, moyo hana, akili ya mpira ndo kabisa. Mkitaka mtoano, mwekeni chini. Nnakwambia mimi babake."

Walicheka mpaka kahawa ikamwagika. Elikana hakucheka. Alinitazama kwa heshima kubwa, akasema, "Mzee, ni wazazi wachache wanaoweza kusema ukweli namna hiyo." Nikamhurumia kwa ujuha wake. Mtu anazungumza Kiswahili tangu utotoni, ningejuaje kwamba hajui tunachokisema? Na kumfafanulia nisingeweza, maana kufafanua ndiko kusifu kwenyewe.

Ayman alikuwa amekuja kunichukua. Alikuwa amesimama ng'ambo ya njia karibu na gari, funguo mkononi, na sauti yangu haijawahi kuwa ndogo. Aliendesha mpaka nyumbani akinijibu "naam, baba" kwa kila nilichosema. Sikuona ajabu; kijana wa miaka kumi na tisa hana mengi ya kumwambia babake.

Usiku huo mke wangu, Nunu, aliniuliza, "Umemwambia nini mwanangu? Hataki kula."

"Sijamwambia kitu. Tulikuwa tunazungumza mpira."

"Wewe na ulimi wako," alisema, akaondoka na sahani.

Alhamisi nilifika mapema na Saeed. Uwanja wa chuo upo kwenye njia ya Bustan, milima mitupu nyuma ya goli moja, na siku hiyo ulijaa watu kama mia tatu. Timu zikatoka. Nikahesabu mara moja, nikahesabu tena. Kipa wetu alikuwa benchi. Beki wetu mmoja, benchi. Yule mwenye adabu alikuwa amesimama katikati, nafasi ya mshambuliaji, anamwuliza refa kitu. Na mwisho kabisa wa benchi, jaketi limefungwa mpaka kidevuni, alikuwa amekaa Ayman.

"Kapandwa na wazimu huyu mtu wa bara?" alisema Saeed.

"Kafanya tulichomwambia," nilisema, na kahawa ikanichachukia mdomoni.

Tulifungwa bao la kwanza dakika ya tisa na la pili dakika ya thelathini. Yule mwenye adabu aliwapa wapinzani pasi nyingi kuliko alizowapa wenzake. Filimbi ya mapumziko ilipolia nilikunja kanzu yangu, nikashuka jukwaani kwa hasira, maneno yote niliyokuwa nimeyapanga yakiwa ya matusi.

"Mwalimu! Wachezaji wa maana umewakalisha, na hili zuzu unaliachia uwanja?"

Elikana alifungua daftari, akaniwekea mbele ya macho. "Mzee, haya si maneno yenu? Kipa na beki niliwaamini nyinyi, kosa langu, nawaingiza sasa hivi. Lakini Ayman sikumkalisha mimi."

"Kamkalisha nani?"

"Mwenyewe. Juzi baada ya mazoezi nilimwambia kwamba kwake sikubaliani na nyinyi, maana nimemwona kwa macho yangu, na kwamba ataanza. Akakataa. Akaniambia, 'Baba anaujua mpira, na tangu nna miaka minane ananiambia neno moja. Mtu hawezi kusema uongo miaka kumi na moja.'"

Nilibaki nimeshika kanzu yangu kama mtu anayevuka maji. Niliona aibu, aibu hasa. Nilikuwa nimemdharau kila mtu kwenye uwanja ule, kocha na daftari lake, Saeed na maoni yake, na hapakuwa na juha aliyenishinda.

Nikaenda mwisho wa benchi.

"Ayman."

"Naam, baba." Alisimama, kama nilivyomfunza.

Wachezaji wote walikuwa wananyoosha shingo kusikiliza. Ulimi wangu, ambao haujapata kukwama mbele ya waziri wala mbele ya mama mkwe, ulikwama.

"Wewe ndo mchezaji bora uwanja huu," nilisema hatimaye. "Hapana mwengine. Tangu mdogo. Nnakuona kila siku, na nnaona fahari."

Hakufurahi. Alinitazama mimi, akatazama miguu yake, akatazama tena uso wangu, na woga ukampita machoni. Kisha akasema polepole, kwa ulimi aliourithi kwangu:

"Kwani nshakufa, baba?"

Hapana aliyecheka. Neno la kejeli lilinijia, maana miaka yote hiyo kejeli ndiyo niliyoishi nayo, nikalimeza.

"Hujafa," nilisema. "Ndo maana nnakwambia leo."

Akanitazama, akitafuta mzaha ulipofichwa. Alipoukosa, akafungua zipu ya jaketi.

Nilirudi jukwaani. Saeed aliniuliza, "Umeliambia nini lile gogo?" Nikamweleza neno kwa neno. Alisema mashallah mara tatu mfululizo, akachukua chupa yake ya kahawa, akahamia safu ya juu kabisa, asije akahesabiwa alikuwa na mimi.

Kipindi cha pili kikaanza. Mpira wa kwanza ukamjia Ayman juu. Akaupokea kwa kifua, akauteremsha mguuni, taratibu. Mdomo wangu ulifunguka kwa mazoea kumtukana, nikaufunga kwa mkono. Watu mia tatu walikuwa uwanjani, kila mmoja na macho yake mawili, na mimi niliyaogopa yote, kuanzia yangu.