Moto Uliovuka Barabara ya Mawe

Sibomana alikuwa ameezeka nyumba nyingi za mbao za mtaa wa Katoyi, nyingi kuliko alivyoweza kukumbuka. Mitaa mingine aliipita akitazama juu tu, kama mtu anayepita katikati ya jamaa zake: bati lile nililipigilia mimi, lile limeanza kushika kutu, lile mwenyewe amelirundikia mawe ili upepo usilichukue. Alizaliwa Masisi, akaja Goma akiwa kijana, akajifunza ufundi kwa kushikilia ngazi za wengine. Sasa alikuwa na miaka hamsini na miwili. Magoti yalimsumbua kwenye ngazi, lakini mikono ilikuwa bado inaijua kazi.

Alhamisi moja ya mwezi wa saba aliitwa na mama Léonie Nshobole, mjane wa upande wa Bukavu, aliyeuza vitenge sokoni hadi miguu ilipomkatalia. Nyumba yake aliiezeka Sibomana mwenyewe, miaka tisa iliyopita. Moshi wa volkeno ulikuwa umekula mabati mawili juu ya chumba cha kulala, na mama alitaka yabadilishwe kabla ya mvua ya septembre. Maji yake yote yalitoka kwenye paa: mvua ilishuka mabatini, ikaingia kwenye gutiere, mfereji wa bati uliofungwa ukingoni, ikaishia kwenye tangi kubwa la plastiki nyuma ya jikoni.

"Gutiere yako imejaa majani, mama," Sibomana alisema kutoka juu. Yalikuwa majani ya mikaratusi ya jirani, makavu, yamejikunja kama maganda.

"Nikuletee fagio?"

"Acha. Mvua ya kwanza itayasukuma."

Aling'oa bati la kwanza, akaweka jipya. Ilipata saa nane mchana alipoinua kichwa na kuona moshi ng'ambo ya barabara, kwenye safu ya nyumba za mbao zilizobanana ukuta kwa ukuta. Baadaye wengine walisema ni mbabula ya makala, jiko la mkaa, iliyoachwa karibu na pazia. Wengine walisema ni waya wa umeme. Hakuna aliyejua kwa hakika. Alisikia tu makelele, akaona watu wakitoa magodoro, masufuria, mashine ya kushonea iliyobebwa na wanawake wawili.

Aliwahurumia, lakini kwa upande huu hakuogopa. Barabara ilikuwa na upana wa kupitisha malori mawili, imejaa mawe meusi ya volkeno, bila hata unyasi mmoja. Moto, kwa jinsi alivyoujua maisha yake yote, ulitembea. Ulitoka ubao hadi ubao, ukuta hadi ukuta. Hapa ungekosa pa kukanyaga.

Ndipo upepo wa ziwani ulipogeuka.

Kwanza alidhani ni ndege. Kundi zima liliinuka juu ya moshi, jekundu, likasimama angani kidogo kana kwamba linachagua pa kutua. Halafu likaanza kushuka upande wake. Vilikuwa vipande vya mbao vyembamba kama kucha, vipande vya karatasi, cheche kubwa na ndogo, maelfu, na vyote vilikuwa hai. Vilivuka barabara bila kuigusa. Sibomana alibaki amepiga magoti, nyundo mkononi, mdomo wazi. Vilianza kuanguka mabatini pembeni yake kwa mlio mdogo, ti, ti-ti, kama mvua inapoanza.

Alitaka kucheka. Bati haliungui! Vilitua, vikafifia, vikawa vyeusi. Lakini vile ambavyo havikufifia viliteleza na mteremko wa paa, polepole, vikifuata njia ile ile ambayo yeye mwenyewe aliyatengenezea maji, vikaingia kwenye gutiere.

Majani yalishika moto kwa pumzi moja. Mstari wa moto ulikimbia kutoka kona hadi kona, ukaanza kulamba mbao zilizobeba paa. Sibomana aliteremka kwa makalio hadi ukingoni, akapiga kwa nyundo vyuma vilivyoshikilia gutiere, kimoja baada ya kingine, hadi yote ikaanguka uani kwa kishindo. Mama Léonie alikuwa pale chini na ndoo.

"Nimwage wapi?"

"Juu ya majani! Na zingine umwage kwa ukuta!"

Alishuka akidhani kazi imekwisha. Ndipo mama akamshika mkono.

"Fundi, moshi iko inatoka ndani ya nyumba."

Waliingia. Moshi mwembamba ulipenya kwenye maungio ya plafon, ile dari ya chumba. Sibomana alipanda juu ya meza, akasukuma kifuniko chake, akaingiza kichwa na mabega kwenye giza la chini ya mabati.

Hakukuwa na giza.

Kila wimbi la bati, pale linapolalia mbao ya ukutani, huacha mdomo mdogo ulio wazi, wa kutosha vidole viwili. Mafundi wote wa Katoyi waliiacha midomo hiyo. Nyumba ipumue, walisema. Sasa upepo ulikuwa ukisukuma cheche kupitia humo, upande wote wa nyumba, moja moja, bila sauti. Ziliingia zikielea, zikageuka, zikaangaza misumari yake ya miaka tisa, utando wa buibui, viota vikavu vya ndege. Moja ilipita karibu na jicho lake taratibu kabisa, kama inayotafuta kitu. Sibomana alisahau hata kuogopa. Alisimama pale akitazama taa zile zikiingia, na mwili wake wote ukasisimka kama mtu aliye kanisani. Moto haukuvunja mlango. Uliijua nyumba aliyoiezeka kuliko yeye mwenyewe.

"Fundi! Uko unafanya nini huko? Shika!"

Mama Léonie alikuwa akimpa gunia lililolowa. Alitambaa juu ya boriti, akapiga kiota kilichokuwa kimeanza kuwaka, akapiga kingine. Lakini cheche ziliendelea kuingia.

"Mama, ninataka vitambaa! Vilivyolowa! Vya kuziba!"

Akasikia sanduku likifunguliwa, halafu sauti ya kitu kinachochanwa. Kilichomfikia mkononi kilikuwa kitenge kipya, bado kinanukia duka, kinachuruzika maji. Aliduwaa.

"Si hizi zako za sokoni..."

"Ziba, papa! Utaniuliza kesho."

Aliziba. Mdomo wa kwanza, wa pili, wa kumi. Mama alichana, akalowesha, akapandisha. Maua ya manjano, mikia ya tausi, vyote viliingia kwenye mianya. Kila alipoziba mmoja, taa moja ilizimika, na giza likarudi kidogo. Alipofika wa mwisho vidole vyake vilikuwa vimeungua ncha, na ndani hakukuonekana kitu tena. Akalia kidogo humo gizani, kwa sababu hakuna aliyemwona.

Upepo ulipungua kabla jua halijazama. Wanaume wa ng'ambo walibomoa nyumba tatu ili kuukatia moto njia, nao ukaishia hapo. Watu wote walipatikana. Upande wa mama Léonie nyumba mbili ziliungua, na Sibomana alikwenda kuzitazama. Mbao za chini za kuta zilikuwa nzima, hata rangi ilikuwepo. Zilianza kuliwa juu, pale paa linapokutana na ukuta. Mojawapo aliiezeka yeye.

Alirudi, akaketi kwenye jiwe uani.

"Mama Léonie, ile mianya ni mimi niliiacha."

"Ninajua. Si wewe uliezeka?"

"Haukasiriki?"

"Ulikuwa unajua?"

"Hapana."

"Basi sasa unajua." Alitazama gutiere iliyopindika, na vipande vya vitenge vilivyobaki kwenye beseni. "Kunywa chai kwanza. Mikono tutaipaka mafuta."

Juma lililofuata alimaliza bati la pili, akatoa vitambaa, akaziba kila mdomo kwa simenti. Pale hewa ilipohitajika kupita aliweka wavu wa chuma wenye matundu madogo, akaukunja mara mbili. Gutiere aliinyoosha, akaifunika kwa wavu huo huo, maji yapite na majani yabaki juu. Majirani walikuja kutazama, na kila aliyekuja alirudi kwake akitazama ukingo wa paa lake.

Ng'ambo walipoanza kujenga upya walimwita. Byiringiro, dereva wa lori aliyepoteza kila kitu isipokuwa viatu, ndiye aliyemwona akifanya jambo la ajabu. Nyumba ilikuwa imeezekwa, plafon bado. Sibomana alifunga dirisha, akafunga mlango, akamwomba wasimame kimya ndani adhuhuri ile.

"Tunangojea nini?" Byiringiro alinong'ona.

"Tazama juu."

Walitazama hadi macho yakazoea. Kule kwenye kona, juu ya mbao ya mwisho, palikuwa na nukta moja ya mwanga, ndogo kama mbegu ya ulezi.

"Ni jua tu, fundi."

"Ndiyo, leo ni jua," Sibomana alisema, akaomba ngazi.