Kikombe Kilichotangulia Kuyeyuka

Hapana, hakikukanyagwa na gari. Kikombe hicho cha bibi yenu kiliyeyukia hapa hapa kwenye tanuri langu, na aliyekiyeyusha ni dada yenu, huyo anayejifanya hasikii.

Mimi mhunzi, shule niliishia mlangoni. Siku hiyo dada yenu akaja na mwalimu wake wa kemia, mtu mpole tu, ana nafasi moja ya mwanafunzi wa maonyesho ya sayansi. Wanafunzi wenzake dada yenu walishaonyesha maji ya chumvi yanavyopitisha umeme. Yeye akadai chumvi bila tone la maji nayo hupitisha, ikiyeyuka. Mwalimu akasema vitabuni ipo, ila moto wa kuiyeyusha atautoa wapi? Ndipo dada yenu akamleta kwangu.

Akamimina chumvi ya jikoni kwenye kikombe cha alumini, akachomeka spoki mbili za baiskeli, waya mpaka kwenye betri ya pikipiki na taa ndogo. Taa kimya. Nikavuta mvukuto, vuta nikuvute. Chumvi inatutazama tu, kikombe kikalegea kama mlevi, kikalala kwenye makaa. Alumini imetangulia! Bibi yenu akaja mlangoni kutuuliza chakula atakitia nini, na chai atanywea wapi.

Mwalimu akatazama saa. Mimi nikamwambia dada yenu, basi mama, mwaka kesho upo.

"Nusu pakiti imebaki, babu. Vuta."

Jasho linamtoka, macho makavu. Ndipo nikakumbuka kile chungu kidogo cha udongo ninachoyeyushia shaba. Tukaanza upya. Makaa yakawa meupe, chumvi ikazama, ikawa maji maangavu. Akatumbukiza spoki. Taa ikawaka. Kwenye spoki moja povu likachemka, na harufu kama ya dawa ya maji ya bomba. Mwalimu akatusogeza upande upepo unakotokea.

Kisha akataka chungu kitolewe motoni. Chumvi ikaganda, taa ikafifia, ikazima.

"Chembe zimeshikana tena," dada yenu akamwambia. "Zikishikana hazisafiri, na umeme hauna wa kuubeba."

Mwalimu akacheka. "Nafasi ni yako. Ila mvukuto na babu uvibebe mwenyewe."

Bibi yenu akatuita mara ya tatu, na ya tatu huwa haina mjadala. Tukanawa, tukakaa wote, mwalimu katikati. Chakula hakina chumvi hata punje, na hakuna aliyethubutu kuiomba.