Mkasi Aliyetaka Kumkata Shangazi

Usiku wa jana, baada ya kushiba makande, niliota niko kwenye darasa la kuandika kumbukumbu za maisha. Darasa halina mlango, maana kanuni ya kwanza ni kuanza katikati. Nimepenya katikati ya ukuta na chokaa imenijaa masikioni.

Mwalimu ni mkasi. Amevaa miwani kwenye vile vitundu vya kuingizia vidole, na hana utani hata kidogo.

"Huyu Nakundwa wa ukurasa wa pili ni nani?" ananiuliza.

"Shangazi yangu. Marehemu."

"Anafanya nini?"

"Alikuwa mkarimu, mcheshi, ana upendo..."

"Hizo ni sifa. Mimi nataka tukio. Asiye na tukio namkata, na nikimkata humkumbuki tena mpaka unaingia kaburini."

Jamani! Shangazi mwenyewe yuko dawati la nyuma, kajifunga kanga kifuani, na miguu yake imeshaanza kufutika.

"Sema kitu, we mtoto!" anafoka. "Kuanzia magotini sijioni! Mimi marehemu, ukinisahau wewe nitakaa wapi?"

Nikaropoka: "Aliniokoa kwenye mafuriko!"

Palepale darasa likawa mto. Madawati yanaelea, Shangazi kang'ang'ania ubao.

"Mafuriko gani, mwongo mkubwa wee? Mimi naogopa hata maji ya kuoga! Na sasa kiuno nacho kimekwenda!"

"Uongo humaliza mtu haraka zaidi," mkasi akasema, akipangusa miwani.

Shangazi amebaki kichwa na mkono mmoja tu. Mkasi akafungua kinywa, akamsogelea. Maneno yakanitoka yenyewe.

"Siku tuliyomzika baba, kila mtu aliniambia nijikaze, mimi mwanamume. Nilikuwa na miaka tisa. Shangazi akaniita jikoni, akanisukumia kikapu cha vitunguu. Akasema, 'Menya. Wakikuuliza, waambie ni vitunguu.'"

Mto umekauka, tuko jikoni kwetu, moshi mtupu.

"Nililia mpaka nikapata kwikwi," nikasema. "Hakuna aliyeniuliza."

Mkasi akafumba kinywa taratibu. Miguu ya Shangazi ikarudi, imevaa kandambili, moja ya bluu na moja ya kijani.

"Huyu anabaki," mkasi akasema.

"Na aandike kwamba alimenya vibaya," Shangazi akasema. "Nilirudia vyote."

Nikaamka, kumeshakucha. Mke wangu kaketi kitandani, kanishika mkono, anaunusa.

"Baba Kirita, umetoka kumenya vitunguu? Mbona humu ndani viliisha tangu juzi?"

Kisha akanitazama usoni, sauti ikashuka.

"Unalia?"

"Vitunguu," nikamwambia.