Mama Mkwe wa Barafuni

Mativo aliwaahidi watu wa Mbotela sinema ya karate. Alitangaza estate nzima kwa kipaza sauti alichokiazima kanisani bila kusema ni cha kazi gani, na Jumapili mchana ukumbi wa mtaa ukajaa mpaka madirishani. Hata mama mkwe wake, Mama Koki, aliyekuwa amekuja kuwatembelea kutoka Machakos, alikaa mbele kabisa na binti yake. Mativo alishukuru kwamba mashine ya sinema hukaa nyuma. Kwao Ukambani mwanamume hakaribiani na mama wa mkewe, na mama huyu, Mativo alimwogopa hata akiwa amempa kisogo.

Akazima taa, akawasha mashine. Ukutani ikatokea theluji. Theluji tupu.

"Wachina wako wapi?" mtu akapiga kelele.

Badala ya Wachina akaja bibi kizee aliyevaa koti lenye kofia ya manyoya, akiongea lugha ambayo hakuna aliyewahi kuisikia. Mativo akalitazama lile kopo la filamu kwa tochi, jasho likamtoka. Jumamosi pale maktaba ya filamu alikuwa amebeba kopo lisilo lake.

Miluzi ikaanza. Ndala ikaruka ikagonga ukuta. Mativo akakinyakua kipaza sauti, akaamua kutafsiri.

"Mama anasema: 'Mkwe wangu mpendwa, nenda ukalipize kisasi cha ukoo wetu!'"

Ukutani, kijana mwenye mashavu ya mviringo alimwekea bibi kipande cha nyama. Bibi akakidungadunga kwa kisu, akakinusa, akakisukuma kando, akaongea kwa kirefu.

"'Nyama tamu hii!'" Mativo akatafsiri. "'Mikono yako imebarikiwa!'"

Mama Koki akasimama. Hakugeuka nyuma.

"Koki, mwambie mumeo aache uongo. Huyo mama anasema nyama imekatwa vibaya, ngozi imeharibiwa, na binti yake angeolewa na yule mwingine."

"Mama, kwani unaijua lugha yao?"

"Lugha ya nini? Huuoni mdomo wake?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na tangu hapo mkalimani hakuhitajika tena. Wehliye, muuzaji wa sukari wa jumla, akamtetea kijana. Akina mama wote wakawa upande wa bibi. Kijana akataka kwenda kuwinda, lakini pikipiki yake ya theluji, ile isiyo na magurudumu, ikakataa kuwaka. Wazee wa kwao wakakusanyika. Kila mmoja alinyoosha kidole mahali pake, na hakuna aliyeshika spana.

"Hao ni mafundi wa Gikomba!" akasema Kisilu, ambaye mwenyewe alikuwa seremala wa soko hilohilo la Gikomba.

"Isukumeni!" ukumbi ukapiga kelele. "Sukuma!"

Na wale wazee, kana kwamba wamesikia, wakaisukuma. Ilipowaka, watu walikumbatiana kama timu ya taifa imefunga bao.

Kijana akarudi na nyama nyingine, akaiweka mbele ya bibi kwa adabu. Bibi akainua kisu. Filamu ikaisha.

"Amekula?" watu wakauliza. "Mativo, amekula ama hakula?" Wehliye akaziba mlango kwa mwili wake mzima, akasema Mativo hatoki mpaka ijulikane.

Kesho yake Mativo alikuwa mjini mapema, kwenye meza ya Ndanu, karani wa maktaba ya filamu.

"Hiyo haijawahi kuazimwa na mtu," Ndanu akashangaa. "Ni ya Wainuiti, watu wa kaskazini kabisa mwa Kanada. Waliitengeneza wenyewe, ili wajitazame wenyewe. Haina tafsiri. Nyinyi mmependa nini?"

Mativo akajikuna kichwa. "Dada, sinema nyingine zote kuna mtu wa kutueleza. Hawa hawamwelezi mtu. Ni kama umepita kwa jirani ukakuta mlango wazi na watu wanagombana. Utaondoka?"

"Sehemu ya pili ipo, lakini haina vita."

"Vita ni vya nini? Amekula?"

"Nani?"

"Mama mkwe!"

Mama Koki alikuwa arudi Machakos Jumanne. Akaahirisha. Jumapili iliyofuata ukumbi ulifurika, na bibi alipoinua kisu, hata watoto wachanga walinyamaza. Akakata. Akatafuna polepole, uso mkavu. Kisha akachukua kipande cha pili.

Vigelegele! Bibi akasema neno moja tu, kijana akaficha uso kwa haya.

"Amesema nini?" Koki akauliza.

"Chumvi," akajibu Mama Koki. "Kila siku wanasahau chumvi." Mativo, mpishi wa supu ya nyumbani kwake tangu mgeni afike, akajua anaambiwa yeye, akacheka peke yake kule nyuma mpaka akapaliwa.

Ndipo wanaume wa barafuni wakaanza mchezo wao. Wawili wanakumbatiana shingoni, kila mmoja anaingiza kidole kwenye shavu la mwenzake, wanavutana midomo hadi mmoja asalimu amri. Wehliye akamtazama Kisilu. Kisilu akamtazama Wehliye.

"Osha mkono kwanza," akasema Wehliye.

Mativo alipowasha taa, nusu ya ukumbi walikuwa wanavutana midomo, macho yamewatoka, wakipiga kelele zisizo na herufi. Kisilu alishinda. Wiki nzima Wehliye aliuza sukari kwa upande mmoja wa mdomo, na wateja walioitiwa "shukahi" walikuja dukani wakidhani ni bidhaa mpya.