Kilichochipuka Chini ya Kamba

Mke wangu alibebesha mchungwa ule mwaka mmoja kabla hajafa. Alikuwa mfagiaji kwenye kitalu cha miche cha serikali, na kwa miaka kumi na minane alifagia huku jicho moja likiangalia mikono ya wenye vyeti. Siku moja akarudi na kijiti amekikunja kwenye kitambaa kibichi. Uani kwetu, karibu na karo la kuoshea vyombo, palikuwa na kimlimau kilichojiotea. Akakikata kichwa, akapasua kishina, akachomeka kile kijiti chake cha mchungwa na kufunga kwa kamba ya nailoni. Alifunga taratibu, kama mtu anayemvisha mtoto aliyelala.

"Huyu wa chini kazi yake ni mizizi tu," akaniambia. "Chochote kitakachotoka chini ya kamba, ng'oa."

Nikaitikia. Nilikuwa nasikiliza redio.

Mwaka uliofuata akalazwa kwenye hospitali ile ile nilikokuwa dobi, nikifua mashuka kwa miaka thelathini. Dawa yake ilikuwapo. Niliiona kwa macho yangu kwenye kabati la vioo. Kabati lilikuwa na kufuli, ufunguo ulikuwa kwa mkubwa, na mkubwa alikuwa kwenye mkutano wa kuboresha huduma. Wakaboresha hadi saa kumi jioni. Mwenzangu hakufika saa kumi.

Asubuhi ya siku ile alinishika mkono. "Ukila chungwa la kwanza, uje uniambie lina utamu gani. Na usinidanganye, maana wewe kila ukipewa unasema tamu."

Nikasema sawa. Tangu tumzike sikuwa nimekwenda tena makaburini. Ningesimama pale nimwambie nini? Miaka mitano mti haukutoa chungwa hata moja.

Si kwamba niliutupa. Niliumwagia majivu, samadi, maganda ya mayai, na maji ya kuoshea mchele. Nikaenda hadi ofisi ya kilimo, mara tatu.

"Mti uko wapi, mzee?" karani akaniuliza.

"Uani kwangu."

"Uani si shamba. Hapa ni idara ya mashamba."

"Basi nielekeze idara ya nyua."

Akaniangalia kama nimemwomba figo. Mara ya tatu nikaambiwa bwana shamba yuko semina. Nikarudi nyumbani nikijisemea: mkutano umeniulia mke, sasa semina inaniulia mti.

Lakini mti wenyewe ulikuwa mzuri, asikudanganye mtu. Ulipita paa. Lilikuwapo tawi moja nene, lenye miiba mirefu kama sindano za magunia, lililobeba karibu kivuli chote. Alasiri nilikuwa nageuza ndoo, nakaa chini yake. Jua lilipenya kwenye majani likatua ukutani vipande vipande, na vile vipande vikitikisika niliona mashuka, mistari na mistari ya mashuka meupe yakipepea, na mtu akipita katikati yake bila haraka. Sikuwahi kumwona uso. Kisigino tu, na upindo wa kanga. Nilikuwa nakaa kimya ili asijue namwona. Kuna siku nilikaa mpaka chai ikaota utando kikombeni, na moyo wangu ukawa mwepesi kama nguo iliyokauka.

Pembeni, kuelekea ukutani, palikuwa na tawi jingine dhaifu. Kila mwaka lilitoa maua manne matano, yakadondoka. Nikaona hili ndilo linalonyonya nguvu ya mwenzake. Nikaazima msumeno.

Ndipo shemeji akaingia, mdogo wake marehemu. Yeye ni mpishi wa shule ya bweni, mwanamke wa sauti kubwa, na tangu nimwoe dada yake hajanipa nafasi ya kupumua.

"Mzee Lawama," akasema, maana ndilo jina alilonibandika, "leo umeshika msumeno. Unamkata waziri gani?"

"Nakata hiki kijitawi. Kinauchelewesha mti."

"Na serikali je, leo haihusiki?"

"Serikali ingeleta bwana shamba nisingehangaika."

Akacheka. Akachuma jani kwenye tawi kubwa, akalifikicha, akanusa. Akachuma la kijitawi, akalifikicha kwa mkono wa pili, akanusa tena. Kisha akanisogezea viganja vyote viwili puani.

"Nusa, shemeji. Mimi nimekamua malimau kuliko ulivyofua mashuka. Huku ni nini?"

"Limau," nikasema.

"Na huku?"

Kiganja cha pili kilinukia chungwa, harufu changa, kama ganda limechanwa chumba cha pili na mtu asiyetaka ujue.

Akainama, akafuatisha shina kwa kidole mpaka kwenye kovu la kamba ya nailoni. Kijitawi kilikuwa kimetoka juu yake. Tawi kubwa lilikuwa limetoka chini.

"Umelea mlimau," akasema. Safari hii hakucheka. "Mchungwa wa dada ndio huo uliotaka kuukata."

"Hawa watu wa kitalu wangekuja kukagua—"

"Dada hakukwambia?"

Nikakaa kwenye ndoo. Kumdanganya shemeji ningeweza. Lakini ua ule ulikuwa wa marehemu, na nilihisi mwenyewe anasikiliza.

"Aliniambia," nikasema. "Kichipukizi kilitoka wiki ile tuliyomzika. Nimetoka nje asubuhi, nakiona chini ya kamba, chekundu, kidogo kama kidole cha mtoto. Nikajua kwamba ni cha kung'oa. Sikuweza, shemeji. Nilidhani ananisalimia."

Shemeji akavuta beseni, akaligeuza, akakaa karibu yangu. Tukaangalia vivuli ukutani muda mrefu. Yeye sijui aliona nini. Mimi niliona mashuka.

"Mimi nisingeng'oa pia," akasema mwishowe. "Lakini sasa limekuwa kama mguu wa tembo. Unataka nikate mimi?"

"Nipishe."

Nilikata mwenyewe. Mti mbichi hauna haraka, msumeno unakwama, unga wake mweupe unadondoka miguuni, na harufu ya limau ilijaa uani hadi machozi yakapata kisingizio. Tawi lilipoanguka, mwanga ukaingia wote kwa pamoja. Ukuta ukabaki mtupu, mweupe, bila mtu. Siku nyingi baada ya hapo niligeuza ndoo, nikakaa, na hakupita yeyote. Nilimchukia shemeji mwezi mzima, nikamwambia hivyo, naye akasema nijiunge na foleni ya wanaomchukia.

Kijitawi kikanyooka. Mwaka ule kilitoa majani tu. Mwaka uliofuata niliamka asubuhi moja nikakuta harufu imeingia ndani, imekaa kwenye mito, kwenye mkate, kwenye maji ya kunawa. Nikatoka peku. Mti wote ulikuwa maua. Nyuki walikuwa wanaunguruma kwa chini kama mashine ya kufulia ikiwa chumba cha mbali. Nikasimama katikati, naogopa hata kukohoa.

Yakadondoka mengi. Yakabaki machungwa saba, kisha manne. La kwanza kuiva nilisubiri mpaka likawa linaachia lenyewe. Shemeji alikuwa amekuja na kisu.

"Hili halikatwi hapa," nikamwambia.

Akanitazama, akakirudisha kisu kwenye mkoba, akanifungulia geti.

Kaburi lilikuwa limeota nyasi za miaka saba. Nikazing'oa kwanza, kwa mkono. Kisha nikakaa chini, nikalimenya chungwa, nikala pande moja moja mpaka likaisha, bila kusema neno, maana alinionya nisiharakishe kusifu.

"Haya," nikasema. "Lina mbegu kumi na moja, nyingi mno. Ganda gumu. Ukianza linauma ulimi kidogo, upande wa kushoto. Halafu ukishameza ndipo utamu unakuja, na unakaa. Hadi sasa upo."

Nikafuta mikono kwenye nyasi, nikaendelea kumweleza na mengine.